Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 14: Mwili Nao Unadai Haki Yake



Jumamosi iliyopita walikuja vijana wanne wa chuo kutoka Mbeya, tukafuturu nao hapa msikitini Tunduma. Baada ya Magharibi nikawauliza, "Huko mnakula nini?" Wakacheka. "Shekhe, chipsi mayai. Bumu likikata, chipsi kavu." Nikaanza kuwasema: matunda hamli, mboga za majani hamli, mnajiumiza wenyewe. Mmoja akaniuliza kwa adabu, "Samahani shekhe, na hapa mkekani tunda liko wapi?"

Nikatazama. Magimbi, mihogo, viazi, uji, kaimati, soda. Tunda lilikuwa tende, na tende zilishaliwa. Nikanyamaza.

Sasa tujiulize: chipsi ni halali, soda ni halali. Kosa liko wapi?

Abdullah bin Amr (r.a) alikuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha. Mtume (s.a.w) akamkumbusha kuwa mwili wake nao una haki juu yake. Angalia hapo: huyu hakuwa katika maasi, alikuwa katika ibada! Na bado akaambiwa kuna mwenye haki umemsahau. Basi kitu kuwa halali ni jambo moja, na kutimiza haki ni jambo jingine. Unaweza kula halali tupu mwaka mzima na bado mwili ukawa unakudai.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Na viazi, mihogo na magimbi havihesabiwi humo. Kwa hiyo ile kachumbari ya vipande viwili juu ya chipsi isikudanganye.

Utasema, "Shekhe, hela sina." Nakuelewa. Asiye na uwezo, Allah hamkalifishi zaidi ya uwezo wake, na wengine hosteli zao haziruhusu hata jiko. Lakini tuwe wakweli. Sisi si watu wa jangwani. Ndizi na parachichi zinatoka Rungwe, jirani zetu. Mvua hizi, majani ya maboga yamejaa kila genge. Bei ya soda moja unapata ndizi mbili tatu. Mara nyingi kinachotuzuia ni aibu. Mtu akila mchicha siku tatu mfululizo tunasema mambo yamemkazia. Tumeiita neema ya Allah chakula cha shida! Katika Surat Abasa Allah anamtaka mwanadamu akitazame chakula chake, kisha anataja nafaka, zabibu, mboga, mizeituni, mitende na matunda. Tunavyovidharau sokoni, Yeye amevitaja katika Kitabu chake.

Na yule kijana alinifundisha jambo la pili. Haki ya mwili haimhusu mlaji peke yake. Anayelisha naye ana dhima. Mzazi unayetuma hela, mama ntilie unayepika karibu na chuo, sisi tunaoandaa futari: tunachokiweka mbele ya kijana ndicho atakachozoea. Si haki kumlaumu kwa sahani tuliyompakulia wenyewe.

Mtume (s.a.w) alifungua swaumu kwa tende mbichi, akikosa basi kavu, akikosa basi maji. Yaani futari yetu inaanza na tunda. Mbona tunaliacha hapohapo?

Kazi ya leo: ongeza tunda moja na mboga moja katika futari yako. Ukiwa na uwezo, mpelekee na mwanafunzi jirani yako. Hapa msikitini tumeshakubaliana: kuanzia leo, hela ya soda inanunua ndizi na tikiti. Kijana wangu, ukija tena utaliona tunda mkekani, in shaa Allah.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuilinde amana ya miili yetu, na utukubalie swaumu zetu. Aamiin.

Mtumie na mwenzio. Tukutane kesho, in shaa Allah.