Wasiwasi wa Dhamiri, na Wasiwasi Ulio Ugonjwa

Kila padre aliyekaa miaka michache katika kiti cha maungamo amjua mtu huyu. Ameungama Jumamosi, amepewa maondoleo, amefika mlangoni pa kanisa, kisha arudi. Asema kuna dhambi moja aliyoisahau. Akiondolewa hiyo, arudi tena: labda hakuitaja sawasawa, labda majuto yake hayakuwa ya kweli, labda padre hakumsikia. Kesho yake wenzake waendapo kupokea Komunyo, yeye abaki katika benchi, kichwa ameinamisha.

Sasa tumfikirie kijana wa milima ya Usambara, mahali fulani juu ya Lushoto, ambako asubuhi za mwezi wa Julai maji ni baridi ya kuuma mifupa. Anawa mikono, aifuta, anawa tena, hata ngozi yapasuka na kutoa damu. Mama yake kwanza alifurahi kwamba mwanawe ni msafi. Majirani wasema amerogwa. Katekista amwambia imani yake ni haba, afanye novena. Wote hao wampenda, wala hakuna hata mmoja aliyemwuliza: mwanangu, kazi hii yakula saa ngapi za siku yako?

Watu hawa wawili wana ugonjwa mmoja. Ndugu zetu Waislamu, walio majirani zetu wengi huko Lushoto, waujua vema: wana habari za mtu arudiaye udhu mara nyingi hata wakati wa sala wampita. Nao huuita kwa jina lile lile tulitumialo sisi, wasiwasi.

Asidhani mtu kwamba jambo hili huwapata wenye imani dhaifu. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, alipokuwa Manresa katika Hispania mwaka 1522, alikuwa amekwisha kuungama maisha yake yote kwa siku tatu, tena kwa kuandika. Hata hivyo hakupata raha. Mwungamishi wake akamwagiza asiungame tena mambo ya zamani, isipokuwa lile lililo wazi kabisa. Agizo jema, lakini kwake yeye kila jambo lilionekana wazi! Akafikia hali ya kushawishiwa ajitupe katika shimo lililokuwamo chumbani mwake. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu naye aliteswa na wasiwasi wa namna hiyo alipokuwa msichana mdogo.

Ugonjwa huu waendaje? Wazo laingia bila kualikwa: mikono ina uchafu, mlango haukufungwa, nimemkosea Mungu. Wazo hilo laleta hofu kuu. Mtu atenda tendo fulani ili hofu itulie: anawa, akagua mlango, aungama. Hofu yatulia kidogo, kisha yarudi na nguvu zaidi, kwa sababu tendo lile limeifundisha akili kwamba hatari ilikuwa ya kweli. Ndiyo sababu faraja tumpayo mgonjwa kila aulizapo, “Je, sikukosa?” huwa kuni katika moto.

Daktari hana kipimo cha damu wala picha ya kuuonyesha ugonjwa huu. Chombo chake ni maswali na masikio. Auliza kama mawazo hayo mgonjwa hayataki, na kama ajua kuwa yatoka akilini mwake mwenyewe, si sauti asikiayo kutoka nje. Auliza kama mawazo na matendo hayo yamla zaidi ya saa moja kwa siku, au yamzuia shule, kazi na usingizi. Auliza yalianza lini, maana mara nyingi huanza katika ujana. Auliza pia, wala haoni haya, kama amewaza kujiua. Kuna orodha ya maswali kumi iliyotungwa Marekani na kutangazwa mwaka 1989. Kila swali hupewa alama 0 hata 4, na jumla yake ni 40. Hiyo hupima ukali wa ugonjwa tu. Asalie Rozari kila jioni kwa amani hana ugonjwa, hata akisali zote.

Lipo jambo moja linalofichwa kuliko yote. Mama anyonyeshaye ajiwa na wazo la kumdhuru mtoto wake. Mkristu mwema ajiwa na matusi juu ya Mungu wakati padre ainuapo Hostia. Wao wenyewe wachukizwa mno, wakajiona mashetani, wakanyamaza miaka mingi. Daktari ajuaye kazi yake huitambua chuki hiyo kuwa dalili. Naye mwungamishi ajuaye kazi yake hatamwita mdhambi. Dhambi yataka ridhaa, na hapa ridhaa haipo.

Dawa zipo, zile zile zitumikazo kwa ugonjwa wa huzuni, lakini huchukua majuma kadhaa kabla ya kufanya kazi. Ipo na tiba ya mazoezi, iliyoanza kuandikwa huko London mwaka 1966: mgonjwa huongozwa polepole kuikabili hofu yake pasipo kutenda lile tendo, hata hofu ichoke yenyewe. Padre aweza kusaidia kwa kumpa kanuni moja: ungama mara moja, usirudie, ukishika utii huo.

Watu wa Usambara hawana sababu ya kuogopa nyumba za wagonjwa wa akili. Huko Lutindi, katika milima hiyo hiyo upande wa Korogwe, Waprotestanti walifungua mwaka 1896 makao ya watoto waliookolewa utumwani. Mapema katika karne ya 20 yakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, na bado yaendelea. Lakini hatua ya kwanza ni hospitali ya wilaya iliyo karibu. Mzazi ampelekapo mwanawe achukue daftari, ameandika kwa juma zima: alinawa mara ngapi, kwa muda gani, na alikuwa akiogopa nini.