Ugomvi Si Wangu

Mtu akisema, "Ugomvi huu si wangu," je, vita vitamwacha?

Ubelgiji ilikuwa imeahidiwa na mataifa makubwa kwamba haitaguswa. Tarehe 2 Agosti 1914 Wadachi waliitaka iwape njia ya kwenda kuipiga Ufaransa. Mfalme Albert alikataa, na kwa haki: ampaye mtu njia ya kumwendea jirani kwa silaha, ameshiriki kumpiga. Tarehe 4 wakaingia kwa nguvu.

Kongo nayo, kwa mapatano ya Berlin ya mwaka 1885, iliweza kukaa nje ya vita. Lakini tarehe 22 Agosti meli ya Wadachi ikapiga mizinga huko Lukuga, ndiyo Kalemie ya leo. Mwaka 1916 askari wa Kongo wakaiteka Tabora. Nyuma yao walikwenda wapagazi, maelfu na maelfu, mizigo kichwani. Wengi wakafa njiani kwa ugonjwa na uchovu, wala makaburi yao hayajulikani.

Mfalme aliulizwa, akajibu kwa dhamiri yake. Mpagazi hakuulizwa na mtu. Na hapa Bunia, mwaka 2003, wengi waliotaka kukaa kando waliulizwa neno moja tu: "Wewe wa kabila gani?"