Asiye na Mwiba

Mwaka mmoja, katika usharika niliokuwa nikiuhudumia, tulipata shida ya nyuki mara mbili. Mara ya kwanza walikuwa nyuki wakubwa, hawa wa asali tunaowajua sote. Waliingia darini mwa kanisa siku chache kabla ya Pasaka. Baraza la wazee lilikutana siku hiyohiyo. Tulihamishia ibada chini ya mwembe, tukamtafuta mrina asali kutoka kijiji cha jirani, tukamlipa. Alikuja usiku na moshi wake na mzinga, akawahamisha taratibu, wakaondoka wazima. Hakuna aliyelalamikia gharama.

Mara ya pili walikuwa nyuki wadogo wasiouma. Hao walikaa ndani ya ukuta wa ofisi ya usharika, na nilipohamia niliwakuta. Mlango wao ulikuwa kibomba chembamba cha nta kilichochomoza ukutani. Fundi aliyekuja kupiga lipu aliniuliza, “Mchungaji, hawa tuwafanyeje?” Nikamjibu bila kuinua macho kwenye karatasi zangu, “Ziba tu.” Akaziba kwa saruji. Jioni wale waliokuwa wametoka kutafuta chakula walirudi, wakazunguka mahali ulipokuwa mlango wao mpaka giza likaingia. Baada ya siku chache hawakuonekana tena.

Sikuwa na chuki nao. Sikuwa na haraka yoyote pia. Mrina asali yuleyule angeweza kuitwa. Tofauti ilikuwa moja tu: wale wa kwanza wangeweza kutuuma, hawa hawakuweza. Tangu siku hiyo nimekuwa na swali ambalo naomba tulitafakari pamoja: je, heshima tunayowapa wengine ni heshima kweli, au ni hofu ya mwiba?

Tuwatazame nyuki wenyewe. Nyuki mkubwa akiuma, mwiba wake hubaki mwilini mwako na yeye hufa. Lakini huacha harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na harufu hiyo huwaita wenzake. Ukiwasumbua sana, kundi zima huhama na kukuachia mzinga mtupu. Kwa hiyo mbele yao tumejifunza adabu. Mrina asali mwenye busara huenda usiku, hutumia moshi, na huwaachia sehemu ya masega ili wasihame.

Nyuki mdogo hukaa katika tundu la mti, ukutani, na wengine ardhini. Mwiba wake umedumaa, hauwezi kuchoma. Asali yake haihifadhi katika masega bali katika viungu vidogo vya nta iliyochanganywa na gundi ya miti. Ni nyepesi, ina uchachu, na ni kidogo; watu huitafuta kwa ajili ya kikohozi na huinunua kwa bei kubwa kuliko ile nyingine. Lakini mara nyingi huchukuliwaje? Mti hukatwa, hupasuliwa kwa shoka, viungu humiminwa, basi. Na kundi haliwezi kuhama, kwa maana malkia wao akishaanza kutaga tumbo lake huvimba na hawezi kuruka tena. Aliye mpole kuliko wote ndiye asiye na pa kukimbilia.

Yuko pia yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa. Hatengenezi asali ya kutupa sisi, na tukimwona tunatafuta ufagio. Lakini ndiye anayebeba chavua kutoka ua hadi ua la pasheni, na tunda likija mezani hatumkumbuki.

Wahenga walisema mnyonge hana haki. Naamini hawakuwa wanatuamuru tuishi hivyo. Walikuwa wanasema walichokiona. Neno la Mungu linasema kinyume chake. Katika Mambo ya Walawi sura ya 19 Mungu anakataza kumlaani kiziwi na kumwekea kipofu kikwazo. Tafakari mfano huo. Kiziwi hasikii ulichosema. Kipofu haoni nani aliyeweka jiwe. Hawawezi kukurudishia. Ndiyo maana amri hiyo inamalizia kwa kututaka tumche Mungu: asipokuwepo wa kuogopwa katika mambo haya, yupo Yeye. Luther naye, alipozieleza Amri katika Katekisimo Ndogo, kila moja aliianzia hapo, katika kumcha Mungu na kumpenda. Mtu anayemcha Mungu hahitaji kuona mwiba ndipo atende haki.

Mtu atasema, “Mchungaji, hao ni wadudu, na sisi tuna watu wenye shida.” Ni kweli. Bwana wetu alifundisha kwamba sisi tuna thamani kuliko shomoro wengi. Lakini alisema pia kwamba hata shomoro mmoja hasahauliki mbele za Mungu. Na mkono unaoziba tundu bila kuangalia ni mkono uleule unaohudumia watu.

Mwaka huohuo mwumini mmoja mwenye uwezo alikasirika akatishia kuhama usharika. Tulimwendea nyumbani mara mbili, mimi na wazee wawili. Mwaka huohuo mama anayefagia kanisa alikaa miezi minne bila posho yake. Hakusema neno. Kila Jumamosi alifagia, na kila Jumapili alinisalimu, “Shikamoo, Mchungaji,” ingawa ana umri wa mama yangu. Nilikuwa nikiitikia na kupita. Nilikuja kujua habari ya posho siku nilipomkuta amesimama mbele ya ukuta ule uliozibwa, akauliza kwa upole wale nyuki wamekwenda wapi.

Tulimlipa. Nyuki hatukuweza kuwarudisha. Lakini baraza letu lilianza desturi moja: kabla ya kufunga kikao kwa sala, mwenyekiti huuliza, “Ni nani ambaye hajalalamika?” Siku ya kwanza tulikaa kimya kwa muda mrefu, hata tukaoneana aibu. Kisha mzee mmoja akamtaja mlinzi wa usiku.