Daftari la Baba

Namba ya lori lile ninayo kichwani hadi leo, lakini sitaiandika hapa. Lilikuwa limebeba machungwa ya Muheza kwenda Dar es Salaam. Ilikuwa Agosti 1998, saa moja kasoro asubuhi, na binti yangu wa miaka saba, mwanafunzi wa darasa la kwanza, alikuwa anavuka barabara kuu kwenda shuleni. Dereva alisema breki zilikataa. Aliruka kutoka kwenye usukani akakimbia, na watu walipofika mtoto alikuwa ameshafariki.

Mahakamani alikiri uzembe, akatozwa faini. Mimi ni seremala, na kwa miaka mingi nimefundisha ufundi huo katika chuo cha maendeleo ya wananchi. Jioni nikirudi natengeneza samani za kuuza. Faini ile haikufikia bei ya kitanda kimoja cha mninga. Nilitoka pale sioni mbele. Nikanunua daftari dogo, nikaanza kuandika: lori linalala wapi, mwenyewe anaamka saa ngapi, chai anakunywa kwa mama ntilie yupi, anarudi kwake kwa njia ipi. Nilinoa patasi ya inchi moja mpaka ikawa inanyoa malaika ya mkono.

Vijana wa rika langu tulilelewa na sinema za baba anayelipiza kisasi. Death Wish ya Charles Bronson ilitoka mwaka 1974. Kwetu Tanga mimi niliiona miaka kadhaa baadaye, tumebanana kwenye viti. Msanifu majengo wa New York, mkewe ameuawa na wahuni walioingia nyumbani, binti yake amedhalilishwa hadi akili imemtoka, anatia bastola mfukoni na kuingia mitaani usiku. Kila mhuni alipoanguka tulipiga makofi. Hatukugundua jambo ambalo sasa naliona ndilo kubwa kuliko yote katika filamu ile: wahuni watatu waliomvunjia nyumba yake hawapati kamwe. Filamu inaisha akiwa ameua watu chungu nzima, na waliomdhulumu hawamo. Brian Garfield, aliyeandika riwaya iliyozaa filamu hiyo, hakupendezwa na jinsi kisasi kilivyopambwa, akaandika riwaya nyingine, Death Sentence, mwaka 1975, kuonyesha ubaya wa njia ile. Sisi hatukuwa na habari hiyo. Tulitoka ukumbini tukitembea kama Bronson.

Filamu ya pili niliiona chuoni. Vyuo vyetu vilianza mwaka 1975 kwa mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, na kwa miaka mingi walimu wa huko walikuja kufanya kazi nasi. Mmoja wao alituonyesha Jungfrukällan ya Ingmar Bergman, ya mwaka 1960. Hadithi ni ya zama za kati. Msichana Karin anatumwa kupeleka mishumaa kanisani. Njiani wachungaji wa mbuzi wanambaka na kumuua. Usiku ule ule wanafika kuomba hifadhi katika nyumba ya baba yake, bila kujua ni ya nani, na wanajaribu kumuuzia mama nguo ya marehemu. Mama anaitambua. Hapigi kelele. Anatoka, anafunga mlango kwa nje, anamwamsha mumewe.

Hapo ndipo baba, Töre, anapofanya jambo ambalo seremala hawezi kulisahau. Anakwenda uwandani kwenye mti mchanga uliosimama peke yake, wa aina ile ya huko kwao yenye gome jeupe, anaukumbatia na kuusukuma kwa mwili wake wote mpaka unang'oka. Kisha anakata matawi ya kujichapa nayo katika nyumba ya kuogea kwa mvuke, anajitakasa kama anayekwenda ibadani, anachukua kisu cha kuchinjia. Nilimuuliza yule Mswidi: kwa nini asitumie shoka? Hakunijibu. Miezi ile ya daftari nilijijibu mwenyewe. Mtu mwenye msiba kama ule anataka kitu kitakachompinga, kitakachomkazia, ili nguvu zilizomjaa mikononi zipate pa kwenda. Laiti angeishia kwenye ule mti.

Anawaua wote watatu. Wa tatu ni mtoto mdogo, ambaye hakumgusa msichana yule. Anakimbilia kwa mama mwenye nyumba, na baba anamnyakua na kumbamiza ukutani. Darasani kwetu hakuna aliyepiga makofi.

Basi swali langu lilikuwa hili, na nililiuliza kwa ukali kabisa: je, Mungu ananinyang'anya haki yangu? Nilikuwa nimechoka kuambiwa nisubiri, kwamba subira huvuta heri. Nilikwenda kwa sheikh aliyenifundisha utotoni, nikamwambia Qurani yenyewe inanipa. Hakubisha. Katika Sura ya Al-Israa, aya ya 33, jamaa wa aliyeuawa kwa dhulma amepewa madaraka kweli, na papo hapo akawekewa mpaka asipindukie katika kuua. Wanachuoni humwita jamaa huyo walii wa damu. Haki yake si ya kuchukua gizani kwa patasi. Hupita mbele ya kadhi, na walii huyo ana hiari ya kudai kisasi, kupokea dia, yaani malipo ya damu, au kusamehe. Na katika Al-Baqara, aya ya 178, inapotajwa nafasi ya kusamehe, anayesamehe anaitwa ndugu wa muuaji. Neno hilo lilinichoma. Sikutaka ndugu.

Kisha sheikh akaniuliza, "Mwanangu, yule dereva alikusudia?"

Nilinyamaza muda mrefu. Aibu niliyoisikia pale bado naisikia ninapoandika. Nilitamani kusema ndiyo. Kwa miezi ile yote nilitamani awe alikusudia, kwa sababu asipokuwa amekusudia sina adui, nina msiba tu. Ndipo nilipoielewa filamu ya Bronson: kisasi kinahitaji adui, kisipompata kitamtengeneza.

Sheikh akanieleza An-Nisaa, aya ya 92. Aliyeua kwa bahati mbaya hana deni la kisasi hata chembe. Ana kafara ya kumwacha huru mtumwa, na asiyepata hufunga miezi miwili mfululizo. Na ana dia kwa jamaa wa marehemu, ila wakiiacha kama sadaka. Niliposikia miezi miwili mfululizo nilipata baridi mwilini. Nyumbani nilifungua daftari. Kwa mwandiko wangu, siku baada ya siku, ukurasa baada ya ukurasa: mchana hakunywa chai, mchana hakunywa chai. Nilikuwa nimeandika hivyo nikidhani amenishtukia na kuhama kijiwe. Mtu yule alikuwa amefunga. Nilimchunguza wiki nzima nzima kwa jicho la mwindaji, nikaona kila kitu isipokuwa toba yake.

Mwalimu mwenzangu, Mlutheri wa Lushoto, alinifungulia Kumbukumbu la Torati, sura ya 19. Mfano uliomo mle ni wa watu wa kazi yangu: wawili wamekwenda msituni kukata kuni, chuma cha shoka kinachomoka mpinini, kinampiga mwenzake, anakufa. Huyo akimbilie mji wa makimbilio, asije akafikiwa na mlipiza kisasi ambaye moyo wake una moto. Miji ilikuwa sita, imetajwa katika Hesabu 35. Mimi nimeshaona chuma cha shoka nililolishika kikichomoka mpinini; mwanafunzi wangu aliinama kuokota msumari, kikampita juu ya kisogo. Angekuwa amesimama, leo ningekuwa mimi ndiye ninayekimbia. Yule dereva naye alikimbilia wapi asubuhi ile? Kituo cha polisi. Mimi nilimhesabia hilo kuwa dhambi ya pili, kwamba alimwacha mwanangu barabarani. Lakini kila mtu wa barabara kuu anajua: angebaki pale, angeuawa kwa mawe, na mimi ningefika nimkute naye amelala kando ya mtoto.

Msomaji aweza kusema: dereva wako hakukusudia, kwa hiyo imekuwa rahisi kwako. Haikuwa rahisi, lakini hoja ni ya haki. Wako wazazi ambao mtoto wao aliuawa na mtu mwenye kisu mkononi. Mwaka 2007 kijana mmoja wa Iran alichomwa kisu katika ugomvi wa mtaani. Aprili 2014, katika mji wa Nour, aliyemuua alisimamishwa juu ya kiti, kitanzi shingoni, na wazazi wa marehemu ndio wenye neno la mwisho. Mama alimpiga kibao. Halafu yeye na mumewe wakamvua kitanzi. Nakipenda kile kibao. Kinaonyesha kwamba msamaha ule haukutoka kwa watu waliopungukiwa hasira, wala kwa watu waliolazimishwa. Haki ilikuwa yao mkononi, na kwa sababu ilikuwa yao waliweza kuiachilia. Anayemwambia mzazi asamehe kabla hajamkubalia kwamba amedhulumiwa, anamdhulumu mara ya pili.

Sikumaliza hadithi ya Töre. Baada ya kuua, anakwenda msituni kuutafuta mwili wa bintiye. Anaitazama mikono yake, anamlalamikia Mungu kwamba aliona yote akayaacha yatendeke, kifo cha mtoto asiye na hatia na kisasi cha baba. Anaomba msamaha, anaahidi kujenga kanisa la mawe mahali pale kwa mikono ile ile. Walipomwinua Karin, maji yakabubujika chini ya kichwa chake. Naona ndiyo mara ya kwanza, tangu mama alipoitambua nguo, baba anamtazama mtoto wake. Usiku kucha alikuwa akiwatazama wauaji.

Nami ilikuwa hivyo hivyo. Usiku mmoja, kabla sijakwenda kwa sheikh, mke wangu aliniuliza, "Lile jino lililomng'oka wiki ile, lilikuwa la juu au la chini?" Mtoto alikuja kunionyesha, nikalishika kiganjani, tukatoka wote uani akalirusha juu ya bati. Sikukumbuka. Nilikumbuka namba ya lori, rangi ya shati la dereva, saa anayofungua mlango wa kwake. Jino la mwanangu sikulikumbuka. Mke wangu alizima taa, akageukia ukutani.

Daftari nililichoma jikoni. Dereva alikuja na wazee wawili, na dia tuliiacha iwe sadaka.

Jino lilikuwa la chini, upande wa kulia. Shangazi yake ndiye aliyenikumbusha.