Timotheo Alikuwa Kijana, na Alikuwa Mgonjwa

Andiko: 1 Timotheo 5:23

Tunampenda sana Timotheo wa sura ya nne, yule ambaye mtu asimdharau kwa sababu ya ujana wake. Geuza ukurasa, unakutana na kijana huyo huyo akisumbuliwa na tumbo na magonjwa ya mara kwa mara. Yuko Efeso, mji ule ule ambapo leso zilizogusa mwili wa Paulo ziliponya watu. Lakini Paulo hamtumii leso. Anamwambia atumie mvinyo kidogo, kama dawa. (Wenye kutafuta ruhusa ya kitu kingine hapo, tuonane ofisini.)

Mstari huu umenikalia moyoni kwa sababu ya dada mmoja wa kwaya, ambaye ameniruhusu kusimulia. Ana miaka 24, na anaishi na kisukari cha aina ya kwanza tangu akiwa na miaka 9. Mwezi uliopita alishindwa kupanda ngazi za madhabahu bila kuhema. Nikamuuliza mara ya mwisho kwenda kliniki ni lini. Akainama.

"Pastor, insulini bado najidunga. Lakini kliniki niliacha baada ya ile kesha. Si ulisema anayerudi kwa daktari anarudi Misri?"

Nilisema. Watu wakapiga makofi, nikarudia mara ya pili.

Wengi tunadhani ugonjwa wa moyo ni wa wazee. Mimi nilisoma biashara, kwa hivyo wacha nitumie lugha ya mkopo. Sukari ikikaa juu huumiza kuta za mishipa ya damu, na mafuta hupata mahali pa kushika. Hilo ni deni, na lina riba. Aliyeanza kuugua akiwa na miaka 9, akifika 39 mishipa yake imebeba deni la miaka 30. Ongeza presha, kolesteroli, sigara, au figo zilizochoka. Tena kisukari cha siku nyingi huharibu neva, hata moyo unaweza kushambuliwa bila kifua kuuma. "Sijisikii vibaya" si kipimo. Na si kisukari peke yake: vijana wenye lupasi, ugonjwa wa figo, au virusi vya Ukimwi, hata wanaomeza dawa vizuri, nao wanahitaji moyo uangaliwe mapema.

Alhamisi nilienda naye kliniki. Tulikaa kwenye foleni tangu saa moja asubuhi. Presha ilikuwa juu. Majibu ya picha ya moyo bado tunangoja. Nimemwomba msamaha mbele ya wazazi wake, na ninyi pia nawaomba.

Jumapili ijayo, baada ya ibada ya pili, wauguzi walio washirika wetu watapima presha na sukari kwenye hema la watoto. Vijana mtangulie. Na kama kuna mwingine aliyeacha kliniki kwa ajili ya mahubiri yangu, aniambie. Nitaenda naye pia.