Ushahidi wa Mshale

Je, mwenye kuisahihisha dalili ya aibu bila ya kuigusa aibu yenyewe ametenda dhambi, au amejisitiri tu mbele ya watu? Swali hili, ambalo hapo kabla nililijua kwa vitabu, lilinijia katika sura ya chuma ndani ya ua wa fundi mmoja wa Annexe, komini ile inayozizunguka komini nyingine sita za Lubumbashi kama ukanda uzungukavyo kiuno, siku niliyompelekea gari kuukuu la Kimarekani nililorithi kwa mjomba wangu, lenye injini ya silinda nane zilizopangwa kwa mfano wa herufi V, ambalo nilikuwa nimekwisha kupatana na mtu kumwuzia.

Maradhi yake yalikuwa haya: asubuhi, oili ikiwa baridi na nzito, mshale wa geji ya presha ulisimama juu kwa fahari, lakini baada ya mwendo wa saa moja katika vumbi jekundu la kiangazi, kila niliposimama mshale ulishuka hata ukakaribia kulala. Mafundi wa injini za namna hii wana kipimo chao cha tangu zamani, kwamba injini yenye afya, ikiisha kupata moto, haipungukiwi na presha ya ratili 10 kwa inchi ya mraba kwa kila mizunguko 1,000 ya dakika moja. Yangu, ikinguruma papo hapo ilipo, haikufika hata ratili 5.

Nilimwomba fundi jambo dogo: aimwage oili iliyokuwamo, atie iliyo nzito zaidi. Nilijua kwamba mshale ungepanda, naye alijua, wala hakukana. Alifuta mikono yake kwa kitambaa, akaniuliza, "Papa, mgonjwa ni mshale ao ni injini?"

Watu wengi, nami nilikuwa miongoni mwao, hudhani kwamba pampu ndiyo mzazi wa presha. Pampu husukuma oili tu. Presha huzaliwa pale oili inapokutana na ufinyu, yaani ile nafasi nyembamba mfano wa unywele iliyo baina ya krenki na beringi zake, ambayo katika injini kama hii huwa sehemu 2 au 3 za inchi iliyogawanywa mara 1,000. Beringi zikilika, nafasi hupanuka na oili hupita pasipo kizuizi, na hesabu ya jambo hilo inatisha, kwa kuwa upana ukizidi mara 2, uvujaji huzidi mara 8.

Na liko la ajabu kuliko hilo. Mwingereza Beauchamp Tower, alipokuwa akizijaribu beringi za magari ya reli katika miaka ya 1880, alitoboa tundu juu ya beringi ili atilie oili. Oili ikapanda na kufurika. Akaliziba kwa kizibo, na kizibo kikasukumwa nje kwa nguvu ambayo hakuna mtu aliyeitia mle. Mwaka 1886 Osborne Reynolds alieleza kwa hesabu kwamba mhimili unaozunguka hujivutia wenyewe utando wa oili, ukaelea juu yake pasipo chuma kugusa chuma. Basi kile hasa kinachoibeba injini hakionekani katika geji kabisa. Geji hutupa habari kwamba oili imefika mlangoni. Yanayotendeka chumbani ni siri ya chumba.

Hapo ndipo nilipoutambua ubaya wa ombi langu. Sikatai kwamba ziko injini zilizochoka ambazo oili nzito kidogo huzirefushia umri, na fundi mwaminifu huitia huku akimweleza mwenye gari sababu yake. Wala oili hiyo hiyo, katika mkono wa mtu mwingine, isingekuwa na lawama. Lakini mimi nilikusudia kwamba mnunuzi auone mshale na asiione injini. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliiweka ria katika ile robo ya kitabu chake cha Ihya inayohusu mambo yaangamizayo, pamoja na hasira, husuda na ubakhili. Na zamani nilistaajabu kwa nini jambo la kujionyesha tu lihesabiwe na hayo. Sasa naona kwamba mwenye hasira angali anaweza kujulikana maradhi yake, ama mwenye ria amemhonga shahidi, na shahidi akiisha kuhongwa hata mgonjwa mwenyewe hupona kwa uongo, akalala usingizi, huku chuma kikilana na chuma.

Fundi hakuuamini mshale kwa upofu, na hili nalo ni la kuzingatiwa na wale wanaojitesa kwa wasiwasi wakidhani kila hofu ni sauti ya dhamiri. Alipima kimo cha oili. Akainusa, asije akakuta petroli imechanganyika nayo na kuifanya nyepesi. Kisha akafunga geji nyingine kwenye tundu lile lile, injini ikiwa moto, maana katika baridi ya asubuhi kila injini ni salihina. Geji ya pili ilisema kama ya kwanza.

Ndipo alipolifungua chujio kwa msumeno na kuzikunjua karatasi zake juani. Ndani yake mlikuwa na chembe zinazong'aa, nyekundu za rangi ya shaba. Tanuri la mji huu lilimimina shaba yake ya kwanza mwaka 1911, na kila aliyezaliwa hapa huitazama rangi hiyo kama rangi ya riziki. Lakini beringi huvikwa madini laini juu ya shaba, na shaba ikionekana, basi lile vazi limekwisha kulika.

Nilimpigia simu mnunuzi nikamwambia yaliyokuwamo katika chujio. Alinyamaza kitambo, akasema atafikiri. Fundi akaiondoa geji yake ya kupimia, akairudisha ile kuukuu ya mjomba mahali pake, akaifuta vumbi kioo chake, kwa kuwa haikuwa na kosa.