Mali ya Aliyepotewa na Akili

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, darasa letu limeletewa suala kutoka Soweto Mashariki, katika Kibera ya Nairobi, waliko baadhi ya jamaa zetu wa pwani kwa kutafuta riziki. Mzee mmoja, muuza nguo, alipatwa na kiharusi, na akili ikampotea hata hawatambui wanawe. Fedha zake zi benki kwa jina lake peke yake, na nyumba anayoilipia kidogo kidogo pia i kwa jina lake peke yake. Nduguye akatoka pwani na karatasi isemayo kwamba mgonjwa amempa uwakala wa mali yake yote. Akaushika mkono wa mgonjwa, akakitia wino kidole chake, akakibandika. Mke auliza: karatasi hii yafaa?

Jawabu yetu ni kuwa haifai. Uwakala ni mapatano, na mapatano hayawi ila kwa mwenye akili. Lau mzee angekuwa hawezi kusema lakini afahamu, ishara yake ingetosha, kama itoshavyo ya bubu. Lakini kidole kilichosukumwa na mkono wa mwingine si ishara, na anayekula kwa karatasi hiyo ala haramu.

Wala mtu asidhani kuwa undugu wampa haki. Katika madhehebu yetu ya Shafi, ndugu na ami hawana uwalii wa mali kwa sababu ya nasaba tu. Pasipo baba wala babu, amri hurejea kwa hakimu. Mwenyezi Mungu ametufundisha, katika aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, kuwa asiyeweza kuandikisha deni lake kwa udhaifu, basi aandikishiwe na walii wake kwa uadilifu. Uadilifu ndio sharti.

Jambo hili si dogo kwa watu wa mtaa ule. Mwaka 2009 baadhi yao walihamishwa wakapelekwa Langata ili nyumba mpya zijengwe, na mwaka 2016 nyumba 822 zikakabidhiwa. Mtu aliyengoja miaka saba, je, watoto wake waipoteze haki yao kwa kuwa baba hawezi kutia sahihi?

Wengi wetu twasema: "Nimekwisha andika wasia." Vyema, lakini wasia hauanzi kufanya kazi ila baada ya kufa, na mgonjwa huyu yu hai. Wengine husema: "Nimemweka wakili." Hilo nalo ni jema, lakini uwakala huanguka akili ya aliyeutoa ikipotea; ndivyo isemavyo sheria ya Kiislamu, na kanuni ya mahakama zetu za Kenya ni hiyo hiyo. Hapo njia iliyobaki ni kwenda Mahakama Kuu, kwa Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989, iteuliwe mtu wa kuisimamia mali ya mgonjwa, naye awe mwenye kutoa hesabu. Mahakama ya Kadhi, kwa Katiba ya mwaka 2010, imewekewa mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi.

Basi tufanyeje tungali wazima? Kwanza, tuandike madeni yetu, tunayodai na tunayodaiwa, na amana za watu zilizo kwetu. Pili, fedha za matumizi ya nyumbani tuziweke katika hesabu ya watu wawili, tukieleza kwa maandishi fungu la kila mmoja, isije ikawadhulumu warithi. Tatu, tuandike mbele ya mashahidi ni nani tunayemridhia atusimamie, ili hakimu aione nia yetu atakapochagua. Nne, tumchague kwa uaminifu wake, tusimchague kwa ukubwa wa kilemba.

Wako waogopao kuandika, wakidai kuwa ni kujiita mauti. Huo ni ushirikina usio na asili. Mtume (s.a.w.) amekataza Mwislamu mwenye cha kuusia kulala hata siku mbili bila wasia wake kuandikwa, na hakuna aliyekufa kwa sababu ya kalamu.

Na wewe uliyekabidhiwa, kumbuka kwamba mali ni ya mgonjwa. Ale yeye kwanza, avishwe, atibiwe, na asemezwe maneno mema, ijapokuwa hajui nani asema naye. Mola wake ajua.

Yule mke tumemwambia aende mahakamani, na nduguye mume tumemwambia aichane ile karatasi. Twamwomba Mwenyezi Mungu amponye mzee, na atuzindue sisi kabla hayajatufika. Wabillahi taufiq.